Karani Aliyejua Kilo za Kila Nyumba

Bonasi ya majani chai ikikaribia, huku kwetu kati ya Sigowet na Kiptere watu huanza kusalimiana kwa ufupi. Mtu uliyezoea kusimama naye njiani mpaka maziwa yakupoee mkononi anakuambia "chamgei" huku anatembea, hata jibu hangoji. Hakuna ugomvi wowote. Kila mmoja ana hesabu yake kichwani na anaogopa ukimwangalia usoni utaisoma. Mume anamwogopa mke, mke anamwogopa mume, na wote wawili wanamwogopa jirani. Nimeishi na jambo hili tangu niolewe huku, na sioni haya kusema kwamba limenichosha.

Mtu mmoja tu hakujua kusalimia kwa ufupi msimu huo. Tulimwita Karani, hata alipokwisha kustaafu, na wajukuu zake walimwita vivyo hivyo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye senta yetu, kile kibanda cha mabati kando ya barabara ambako sisi wakulima wadogo tunapeleka majani mabichi yapimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Yeye ndiye aliyekuwa akitundika kapu kwenye mizani, anakunja jicho moja, anasoma kilo, anaandika kwa namba ya mkulima. Lile jicho lilizoea kukunjwa. Alikuwa akikutazama hivyo hata kanisani, na mgeni angedhani anamkonyeza.

Salamu yake ilikuwa ndefu na haikuwa na adabu ya kawaida. Angeuliza habari ya watoto, habari ya ng'ombe, habari ya mgongo wako, kisha kwa sauti ileile ndogo, "Na pesa, haijambo?" Kana kwamba pesa ni mama mkwe anayeishi kwako na hatoki chumbani. Watu walicheka, wakaangalia kando, wakasema haijambo. Yeye alisubiri. Alikuwa na subira ya kuudhi, na mimi niliwahi kujificha nyuma ya ua wa jirani nikimwona anakuja, kwa sababu siku hiyo pesa yangu ilikuwa na jambo.

Lazima nieleze alichokuwa akikijua, maana bila hicho mtu atadhani alikuwa mbea tu. Karani wa senta anajua nyumba zote. Anajua nani anachuma vizuri na nani anajaza kapu kwa mabua. Zaidi ya hayo, anajua majani ya nani yanapimwa kwa namba ya nani. Huku namba karibu zote ni za waume. Mke anachuma, mvua inamnyeshea, mgongo unamuuma, halafu pesa ya mwezi na bonasi ya mwaka zinaingia kwa akaunti ya baba. Basi wake wakajifunza kupunguza kapu njiani. Nusu inapelekwa kwa namba ya nyumbani, nusu inapelekwa kwa namba ya jirani mwema, na mwisho wa mwezi jirani anakupa noti mkononi baada ya kujikatia chake. Mwanamke yeyote wa hapa akikwambia hajui jambo hilo, mwangalie tu.

Kulikuwa na mume na mke waliokaa upande wa mtoni. Mke alikuwa akipeleka nusu kapu kwa namba ya mjane mmoja, siku ambazo mume hayupo. Mume naye, siku ambazo mke ameenda sokoni, alikuwa akipeleka majani kwa namba ya mjane huyohuyo, ili apate pesa ambayo mke haijui. Karani aliona vyote viwili, mwezi baada ya mwezi. Yule mjane alikuwa na mistari michache tu ya majani nyuma ya jiko, lakini kilo zake zilishindana na za wenye mashamba makubwa. Alijikatia kwa mke, akajikatia kwa mume, na bonasi ilipokuja ikawa yake yote, kwa sababu bonasi haimjui mchumaji, inaijua namba. Alijenga nyumba ya mawe. Ipo mpaka leo, ina madirisha mazuri.

Muhula mmoja mtoto wa wale wawili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Baba akaapa hana kitu. Mama akaapa hana kitu. Kila mmoja alikuwa na pesa, na kila mmoja aliogopa akiitoa ataulizwa imetoka wapi. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima.

"Mimi niliona huyo mtoto anachunga ng'ombe siku ya shule," Karani aliniambia miaka mingi baadaye, "na karo yake imepita kwa mizani yangu, mara mbili. Nikanyamaza. Kazi ilisema ninyamaze."

Hakunitajia majina, lakini hapa nani hawajui? Nadhani kunyamaza huko ndiko kulikomkaa rohoni, kwa sababu siku chache baada ya kustaafu alianza hii kazi yake ya pili ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyemlipa.

Mwanzoni aliifanya vibaya. Aliomba nafasi wakati wa matangazo kanisani, akasimama na koti lake la kazi la rangi ya buluu iliyopauka, akasema mume na mke wakae waambiane mapato yao. Watu wakakohoa. Mchungaji akamshukuru haraka. Akajaribu kwenye chama chetu cha akina mama, akatuketisha kwa viti kwa duara na waume zetu, akatuomba kila mtu aseme anapata ngapi na anadaiwa ngapi. Tulidanganya wote. Mimi nilidanganya vizuri hata nikajiamini.

Ufundi wake aliupata shambani kwake mwenyewe, akichuma na mkewe. Alituambia kwamba siku moja mkewe, akiwa ameinama, alimtajia deni alilokuwa nalo dukani, deni la muda mrefu, na akalitaja kwa urahisi kama anayeuliza saa. Karani akafikiri sana juu ya hilo. Kesho yake akaja kwetu asubuhi akiwa na furaha.

"Shida ni viti," alisema. "Watu wakikaa kwa viti wanaangaliana. Nani atasema? Lakini mkiwa kwa majani, macho iko chini, mikono iko na kazi, mdomo tu ndio haina kazi."

Kuanzia hapo ndivyo alivyofanya. Mume anashika mstari mmoja wa majani, mke anashika wa pili, kila mtu na kapu lake mgongoni. Karani anasimama kwenye kijia, mbali kidogo, anatafuna unyasi. Mstari wa kwanza anasema mmoja, mwingine anachuma tu bila kujibu. Mkigeuka kurudi, anasema yule wa pili. Kuinua macho hakuruhusiwi mpaka mfike mwisho. Na mtu akianza kulia au kueleza sababu kabla ya kutaja hesabu, Karani alimkatiza kwa upole: "Sema ngapi kwanza. Kulia tutalia baadaye, mimi pia nitasaidia."

Sisi tulifanyiwa hivyo mwaka ambao Chebet, binti yetu wa kwanza, alikuwa anaingia sekondari. Mume wangu aliingia mstari wa kulia, mimi wa kushoto. Tulichuma kimya mpaka nikadhani atakataa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Niko na deni ya simu."

"Ngapi?" aliuliza Karani.

Akataja. Halafu akataja la pili, alilolikopa kwa simu ileile kulipa la kwanza, na la tatu. Nilivunja bua gumu nikalitupa kapuni, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nijifunze kuchuma. Nilitaka kusimama nimtupie kapu lote. Karani akakohoa, nikaendelea. Tulipogeuka ilikuwa zamu yangu, na nikasema kwamba maziwa ya jioni, yale niliyokuwa nikisema yamepungua kwa sababu ya ukame, yalikuwa yakiuzwa, na pesa iko kwa dada yangu kule Bomet.

Mume wangu akaacha kuchuma.

"Endelea," alisema Karani. "Bado hatujafika mwisho."

Ningependa kusema kwamba tulitoka shambani tumeshikana mikono. Tulitoka tumenuniana, na tukanuniana wiki nzima. Pesa ya maziwa ikalipa karo, deni la simu likalipwa polepole, na mume wangu hadi leo bado anakopa. Tofauti ni kwamba sasa ananiambia. Ananiambia jikoni, ananiambia njiani, ananiambia nikiwa nimesinzia, na kuna siku natamani angenificha nipumzike kidogo. Nilimwambia Karani hivyo. Akacheka mpaka akashika mti.

Wengine hawakucheka. Mwanamume mmoja alimfukuza kwa panga la kupogolea, baada ya mkewe kujua kwenye mstari wa pili kwamba kuna nyumba nyingine mjini Kericho inayolipiwa kodi. Ndoa ile ilivunjika. Kwa muda kidogo watu walimwita mvunja boma, na akina mama walewale aliowasaidia walipita upande wa pili wa barabara. Nilimuuliza kama hajuti. Akasema, "Sikusema itakuwa tamu." Nilijua limemuumiza kuliko alivyoonyesha.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mwenye busara ya kila kitu. Yeye, mtu wa majani chai, hakunywa chai. Alikunywa kahawa ya dukani, ile ya unga, kwa maji ya moto bila maziwa, na ukimuuliza alisema chai amekutana nayo ya kutosha. Alikuwa bahili wa mambo madogo kwa namna ya kutia aibu. Angebishana na mama wa sukuma wiki mpaka watu wakusanyike, apunguziwe shilingi tano, kisha siku hiyohiyo amkopeshe kijana mmoja pesa nyingi bila shahidi, kwa sababu kijana amemweleza shida yake vizuri. Nyingi hazikurudi. Alisema heri mwongo anayetaja hesabu kuliko mkweli anayeguna. Simu yake aliizima mchana kutwa, na alipoiwasha ilikuwa kuangalia salio, na salio hilo alimwonyesha yeyote aliye karibu, muuza duka, mchungaji, mtoto wa mtu. "Ona. Niko na mia mbili na kumi." Watu waligeuza nyuso kama amefungua shati. Yeye hakuona cha ajabu.

Mkewe alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyezoea kusema mbele yake, "Huyu alipima kila mtu, mimi tu ndio alinichukua bila kupima." Walipendana waziwazi, jambo ambalo wazee wa huku hawalifanyi sana. Mkewe alipofariki, Karani alinyamaza karibu mwaka mzima. Hakuuliza mtu yeyote habari ya pesa. Tulipumzika, kisha tukaona tumepungukiwa na kitu, na ilitubidi sisi wenyewe tumfuate kwake.

Alipoanza tena kusema, alikuwa na neno moja tu, na lilikuwa la nyumbani kwake. Alitaka kuwaketisha watoto wake awaambie kila kitu. Walikuwa watatu: Kibet, mwanawe mkubwa anayefanya kazi Nakuru, binti aliyeolewa Bomet, na kitinda mimba mwenye duka la vitu vya simu pale Kericho. Alitaka wajue mistari ipi ni ya nani, ng'ombe yupi ameahidiwa nani, nani anamdai na yeye anamdai nani, wajue wakati angali hai na anaweza kuulizwa swali. Aliyaona mengi kwenye senta. Mzee anazikwa, namba inasimamishwa, vijana wanaanza kushikana mashati juu ya nani achume, na kabla kesi haijaisha majani yamekuwa miti. Chai isipochumwa inakuwa mti kabisa, unaweza kufunga mbuzi. Alinionyesha shamba la namna hiyo karibu na Kiptere, tukasimama kulitazama, na nikaona anaogopa. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kuona analiogopa.

Watoto hawakukubali kuketi. Hawakuwa watoto wabaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Desemba moja walikuja wote, mbuzi akachinjwa, na mimi na mume wangu tukaalikwa. Baada ya chakula Karani akasimama, akashika nyuma ya kiti. "Watoto wangu, kuna maneno ya hii boma. Kuna pesa, na kuna..." Binti yake akaanzisha wimbo wa kanisa. Aliuanzisha kwa sauti nzuri, machozi yamemlenga, na wengine wakadaka. Karani alisimama akiwatazama kwa lile jicho lake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na wimbo ulikuwa umefika kiitikio, naye akaimba. Nilitaka kuondoka. Mume wangu alinishika mkono chini ya meza.

Mwaka uliofuata alijaribu na Kibet peke yake. Kibet akamwambia, "Baba, hayo ni maneno ya mtu anakufa. Wewe haufi. Wacha hiyo maneno." Akamnunulia sweta nzito na blanketi, akamwongezea pesa kwenye simu, akarudi Nakuru.

"Wananipenda," Karani aliniambia njiani, na sweta ile ameivaa. "Hiyo ndio shida, Mama Chebet. Wale hawakupendi wanakuuliza mali yako mapema sana."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa amechoka. Nilimwona amechoka kwa mara ya kwanza, akitembea polepole, mkono mmoja tumboni. Nilidhani ni uzee.

Lilikuwa ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na Kibet akaja na gari la kukodi akampeleka hospitali moja ya kulipia Kericho. Sisi majirani tukafanya tunavyofanya, tukaanzisha mchango, na nikachaguliwa kushika pesa. Ndivyo nilivyojua yote. Kibet aliniita nje ya wodi akanieleza kila kitu, kwa sababu alihitaji mtu wa kumweleza. Daktari amesema ugonjwa umeenda mbali, kilichobaki ni kupunguza maumivu, lakini wao hawajakata tamaa na wanataka mzee abaki palepale. Bili inapanda kila siku. Mchango wetu haufiki hata robo. Basi wao watatu walikuwa wameketi pamoja, wakakubaliana, wakayakodisha majani ya mzee. Kuna watu huku kazi yao ni hiyo: anakupa pesa leo, anachuma majani yako miaka mtakayokubaliana, na kila bonasi ni yake.

Nilimsikiliza nikafikiri kwamba hatimaye wameketi kuongea habari ya pesa ya baba yao, na baba mwenyewe hayumo. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

"Mzee asiambiwe kitu," alinisihi. "Hata ile ya daktari. Presha itapanda. Tafadhali, Mama Chebet."

Nikaitikia. Kila mtu aliitikia.

Nilienda kumwona alasiri moja. Wodi ilikuwa na vitanda vinne, redio ya mtu ikiongea chini chini, na dirishani unaona mashamba makubwa ya chai yamekatwa sawasawa na mashine. Karani alikuwa amekonda uso na kunenepa tumbo. Alinionyesha kiti.

"Mchango unashika wewe, si ndio?"

"Ndio, Mzee."

"Hii hospitali imefika ngapi?"

"Mzee, wewe pumzika kwanza. Mambo ya bili usijali."

"Hiyo nimeambiwa na kila mtu," alisema. "Nimeambiwa na daktari, nimeambiwa na mchungaji. Hata yule mama anaosha sakafu ameniambia nisijali. Mimi nauliza wewe. Ngapi?"

Niliangalia mlangoni. Kibet alikuwa ameenda kumletea uji. Nilikuwa nimeahidi, na ahadi ni ahadi, lakini nilimtazama yule mzee amelala pale akizungukwa na watu wanaojua habari zake kuliko yeye, na nikaona haya kwa niaba yetu sote.

"Laki nne na ishirini," nilisema. "Hiyo ni mpaka jana."

Hakushtuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyepewa maji.

"Nani analipa?"

"Mchango ni elfu tisini. Hiyo ingine..."

"Maliza."

"Wamekodisha majani, Mzee. Yote. Miaka sita. Huyo mtu ametoa nusu, nusu analeta mwisho wa mwezi."

Hapo alifumba macho. Redio ikaendelea. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, na hakuyafuta.

"Na daktari alisema nini? Si ile ananiambia mimi. Ile anaambia hao."

Nikamwambia na hilo. Nilimwambia kwa Kiswahili kilekile cha bili, bila kupamba, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kupamba.

"Kongoi," alisema. Asante.

Kisha akasema, akitazama dari, "Kwa Sacco kuna pesa ya ugonjwa. Niliweka tangu mama yao alipokufa. Inatosha kurudishia huyo mtu nusu yake, na inabaki. Hawajui."

Kibet akaingia na chupa ya uji, akatuona, akajua.

"Mama Chebet," alisema polepole, "si niliomba wewe?"

"Usimgombeze," alisema Karani. "Keti."

"Baba, tutaongea ukipona."

"Nikipona sitakuwa na majani ya kuongelea. Keti, Kibet. Nataka kurudi nyumbani kesho."

"Ukienda nyumbani utakufa!" Ilimtoka kwa nguvu, na wagonjwa wengine wakageuka.

"Ndio," alisema Karani. "Hata hiyo tuongee."

Kibet aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Uji ulikuwa bado mkononi mwake. Baba yake akamwambia habari ya Sacco, kiasi chote, na jina la karani wa pale wa kumwona, na kwamba yule aliyekodi majani arudishiwe pesa yake kabla ya mwisho wa mwezi, kabla hajatoa nusu ya pili. Alisema taratibu, akipumzika katikati. Kibet alisikiliza mdomo wazi.

"Baba," alisema, "kwa nini hukutuambia?"

Nilitaka kupiga kelele. Niliinuka nikageukia dirisha, maana sikuwa na uhakika kama nitacheka au nitalia, na vyote viwili havikunihusu. Nilimngoja Karani amjibu. Ningekuwa mimi ningemjibu.

"Nakuambia sasa," alisema Karani. "Ita hao wengine."

Kibet aliweka chupa ya uji sakafuni, akajifuta uso kwa kiganja, akatoa simu. Dada yake alipokea haraka, akiogopa, nikamsikia akiuliza kama baba ameenda.

"Hapana, yuko," alisema Kibet. "Njooni leo, nyinyi wote. Anataka kuongea na sisi." Akasikiliza kidogo, akamtazama baba yake, akawatazama wagonjwa wale wengine waliokuwa wakimsikiliza wazi bila kujificha. "Ndio," alisema kwa sauti. "Ni maneno ya pesa."